Kura 233,211: Matokeo ya Urais Yanapofika Lowarengak

Toa 6,942,930 katika 7,176,141. Unabaki na 233,211. Hizo ndizo kura zilizomtenga Raila Odinga na Ikulu mwaka 2022, Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi (IEBC), aliposimama katika ukumbi wa Bomas Jumatatu tarehe 15 Agosti na kumtangaza William Ruto rais mteule. Sasa fungua daftari la wapiga kura la mwaka huohuo, ukurasa wa Kaunti ya Turkana. Utakuta watu 238,528. Yaani waliosajiliwa Turkana nzima, kuanzia Kainuk kusini hadi Todonyang mpakani na Ethiopia, wangeweza kuliziba pengo lile na kubakisha watu elfu tano na ushei wa kuchunga mbuzi.

Nimeanza na hesabu hii makusudi. Mazungumzo juu ya matokeo yanayoshangaza nchini Kenya huanzia Nairobi, hupita Kisumu na Eldoret, kisha hurudi Nairobi kulala. Turkana hutajwa mara moja tu, mtangazaji anapoisoma kaunti nambari 23, tena haraka kwa sababu kura zake ni chache. Basi tulitazame jambo lenyewe kutoka upande huu, kutoka Lowarengak, kijiji cha wavuvi kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana. Mtu aliyepiga kura pale hushangazwa na nini matokeo yanapotangazwa, na mshangao wake hugeuka nini baadaye? Rai yangu ni kwamba mshangao hupimwa kwa umbali. Hesabu iliyofanyika mbele ya macho yako inaweza kukuuma, lakini haikushangazi. Inayokushangaza ni ile iliyofanyika mahali usipopajua, na watu usiowajua, ikakufikia ikiwa imekamilika.

Na Lowarengak inaujua umbali. Samaki wanaovuliwa pale, ngege na sangara, hukaushwa na kupakiwa malori, wakapita Lodwar na Kitale, wengine wakavuka mpaka hadi sokoni Kongo. Lakini mtu wa Turkana anayefuata barabara hiyohiyo kwenda Kitale au Nairobi husema anakwenda "Kenya", na anaporudi husema ametoka Kenya. Wageni huicheka kauli hii wakidhani ni mzaha. Haina mzaha. Chini ya ukoloni wilaya hii ilikuwa imefungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali, na serikali iliiona Turkana kuwa mahali pa kuwaficha watu. Lokitaung, mwendo mfupi tu kutoka Lowarengak, ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria kuanzia mwaka 1953. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar.

Hapo pana kisa ambacho wanaosimulia historia ya uchaguzi Kenya hukipita mbio. Februari 1961 Wakenya walipiga kura, KANU ikapata viti vingi kuliko chama chochote, na mwito wake mkubwa ulikuwa kuachiliwa kwa Kenyatta. Kenyatta mwenyewe wakati huo alikuwa Lodwar, chini ya ulinzi, katika joto lile. KANU ikakataa kuunda serikali mpaka aachiliwe. Gavana akaigeukia KADU ya Ronald Ngala, chama kilichoshindwa, nacho kikaunda serikali. Fikiria mshangao wa mpiga kura wa Murang'a au Kisumu: umeshinda, lakini aliyeshindwa ndiye anayekalia kiti, na mtu uliyempigia kelele bado yuko chini ya ulinzi. Waturkana waliokuwa wakipita na mifugo yao mbele ya nyumba yake Lodwar hawakuulizwa lolote. Matokeo ya kwanza makubwa ya kushangaza nchini Kenya yalikuwa na mzizi wake Turkana, na Turkana haikuyasikia.

Tangu hapo karatasi ya matokeo imesogea karibu. Siku hizi kituo kimoja cha kupigia kura hakiruhusiwi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Usiku wa kura, msimamizi wa kituo humwaga kura mezani, anazihesabu mbele ya mawakala wa vyama, anajaza Fomu 34A, mawakala wanatia sahihi, na nakala moja inabandikwa mlangoni. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Juni 2017 katika kesi ya Maina Kiai, matokeo yanayotangazwa katika kituo na katika eneobunge ndiyo ya mwisho, na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2022, mvuvi wa Lowarengak aliyejua kusoma, au aliyesomewa na mwanawe, alikijua kituo chake kilivyoamua kabla ya mchambuzi yeyote wa runinga kufunga tai.

Ila karatasi ya mlangoni ina hila yake. Inakuonyesha majirani zako tu. Raila alishinda Turkana mwaka ule, na Jeremiah Lomorukai wa ODM, chama cha Raila, akachukua ugavana. Ukizunguka vituo kumi ukaona mgombea wako anaongoza katika vingi, utaanza kuamini kwamba nchi nzima ni kama vituo vyako. Mtu wa Siaya aliamini hivyo. Mtu wa Kericho naye aliamini hivyo, kwa mgombea mwingine. Wapiga kura wa Kenya kwa sehemu kubwa wamekaa na wanaofanana nao, hawakutani na yule aliyepiga kura tofauti isipokuwa kwenye matatu ya Kitale, na kwenye matatu watu hawasemi ukweli wa debe. Hivyo ushahidi wa macho, ambao ndio bora kuliko wote, ndio huohuo unaoandaa mshangao.

Hata hivyo Turkana haikuwa gizani. Josphat Nanok, gavana wake kwa mihula miwili, alikuwa ameiacha ODM akahamia kwa Ruto na kuiongoza kampeni yake. Kiti cha useneta kilikwenda UDA, chama cha Ruto, kile cha wilbaro. Aliyepiga kura Turkana aliona kwa macho yake kwamba nyumba moja ina milango miwili. Kwa maoni yangu hili limechangia pakubwa kuifanya Lodwar ipokee tangazo la Bomas bila moto, wakati matairi yalikuwa yakiwaka Kisumu na Kibera. Mwanasiasa wenu mkubwa akiwa upande wa pili, aliyeshinda hawi mgeni kabisa.

Chanzo kingine cha mshangao ni utabiri. Wiki moja kabla ya uchaguzi, Ipsos ilimpa Raila asilimia 47 na Ruto 41, na kampuni nyingine nazo zilimweka Raila mbele. Kura za maoni hizi hufanywa sana kwa simu. Mtu aliye malishoni nyuma ya milima ya Lapur hapigiwi simu na kampuni ya Nairobi. Waturkana wana njia yao ya kutazama mbele: mbuzi huchinjwa na wazee wakasoma matumbo, na pale jambo linapokuwa zito huulizwa emuron, mwaguzi. Msomi atacheka. Lakini mzee anayesoma matumbo ana adabu moja ambayo wachambuzi wetu hawana: wenzake wamekaa pale pale, wanayaona matumbo yaleyale, na wanaweza kumpinga.

Juu ya takwimu hizo kulikuwa na imani ambayo haikupimwa na mtu, kwamba dola haishindwi. Uhuru Kenyatta, baada ya kupeana mkono na Raila tarehe 9 Machi 2018, alimuunga mkono mpinzani wake wa zamani dhidi ya naibu wake mwenyewe, Ruto. Machifu, mawaziri, magari ya serikali, vyote vilionekana kuelekea Azimio, muungano wa Raila. Waliosema "mambo yameshapangwa" walisahau kwamba tarehe 27 Desemba 2002 Rais Moi naye alikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa Uhuru huyuhuyu, akapata asilimia 31 huku Mwai Kibaki akipata 62. Mara mbili katika miaka ishirini rais anayeondoka amejaribu kurithisha kiti, na mara mbili wapiga kura wamekataa. Mshangao wa 2022 ulikuwa wa wale waliosoma sura za wakubwa badala ya kusoma historia.

Sasa nirudi kwenye tarakimu, maana kuna jambo lililonifanya nisimamishe kalamu. Mwaka 2007 Kibaki alitangazwa kuwa na kura 4,584,721 na Raila 4,352,993. Tofauti: 231,728. Linganisha na 233,211 ya mwaka 2022. Miaka kumi na mitano, mgombea yuleyule aliyeshindwa, na pengo lililotofautiana kwa kura 1,483 tu. Kama mshangao ungekuwa suala la tarakimu, watu wangefanya jambo lilelile mara zote mbili. Hawakufanya. Mara ya kwanza, kwa mujibu wa tume ya Jaji Philip Waki, watu 1,133 walikufa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Mara ya pili waliokataa matokeo walikwenda mahakamani na mafaili.

Ni nini kilichobadilika? Tazama yalivyotangazwa yale ya 2007. Tarehe 30 Desemba, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, aliyasoma ndani ya chumba, mbele ya kamera za shirika la serikali pekee, na kabla giza halijatanda Kibaki alikuwa ameshaapa kwenye bustani ya Ikulu. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza ikasema hesabu zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haiwezekani kumjua mshindi. Hakuna mpiga kura aliyeweza kuchukua karatasi ya kituo chake akaifuata hadi Nairobi aone ilivyohesabiwa. Njia ilikatika katikati, na penye pengo watu wakajaza walichokiogopa.

Na Turkana ililipa bila kuwa imepigana. Waturkana wengi wanaishi "Kenya": Kipsongo pale Kitale, viungani mwa Eldoret, Nakuru. Bonde la Ufa lilipowaka, hao walikuwa wageni kwa kila upande. Tena barabara ya Kitale ndiyo koo la Turkana. Unga, mafuta, dawa, sukari, vyote hupanda kwa njia hiyo moja kupitia Kapenguria na Kainuk. Mtu wa Lowarengak asiyejali nani ni rais bado anajali kama lori litafika. Ndiyo maana ukimuuliza mwenye duka wa ufuoni maoni yake juu ya matokeo, swali lake la kwanza huwa kama barabara iko wazi.

Matokeo ya 2017 yanahitaji kusimuliwa polepole, kwa sababu ndani yake Turkana na kaunti kama yake ziligeuzwa kisingizio. Siku chache kabla ya kura ya Agosti 8, tume ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 viko nje ya mtandao wa 3G na 4G. Vingi vya namna hiyo viko wapi? Si Kiambu. Tume ikasema wasimamizi watasogea hadi penye mtandao ndipo watume. Uhuru alipotangazwa mshindi kwa asilimia 54.27 dhidi ya 44.74, fomu nyingi zilikuwa bado hazijaonekana, na Raila, aliyekwenda mahakamani, alipozidai akajibiwa kwa habari za mtandao. Mahakama ya Juu haikuridhika. Ikiwa mtandao haupo, mlijua mapema. Na msimamizi angeweza kusafiri hadi unapopatikana. Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, walifuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika.

Huo ndio mshangao mkubwa kuliko wote niliowahi kuushuhudia katika siasa za nchi hii. Mawakili walioshinda walionekana kushtuka kama walioshindwa. Bado naona watu hawakulielewa fundisho la kesi hiyo. Mahakama haikusema Raila alishinda. Ilisema njia ya kutoka kwenye debe hadi Bomas haionekani, na kama njia haionekani basi hakuna matokeo. Marudio ya Oktoba 26, ambayo Raila aliyasusia, yalimpa Uhuru asilimia 98, na hakuna aliyeshangaa.

Hapo ndipo ilipotoka tovuti ya matokeo ya 2022. Fomu 34A za vituo 46,229 zilipigwa picha na kuwekwa hadharani, kila mwenye bando aweze kuzijumlisha. Kwa siku kadhaa vyombo vya habari vilifanya hivyo, kila kimoja kwa mpangilio wake, kimoja kikionyesha huyu anaongoza, kingine yule, mpaka vikachoka au vikaogopa, vikapunguza mwendo. Mshangao wa siku zile ulisababishwa kwa kiasi fulani na wanahabari wenyewe: walikuwa na karatasi zote lakini hakuna aliyezisoma hadi mwisho kwa sauti.

Kisha kikaja kisa cha hoteli ya Serena. Makamishna wanne kati ya saba, wakiongozwa na Juliana Cherera, walijitenga na matokeo wakisema hatua ya mwisho ya kuyaandaa haikuwa ya wazi. Siku iliyofuata wakatoa hoja ya hesabu: asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na ile 0.01 ni kura kama 142,000. Hebu tujumlishe wenyewe. 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Ni kweli, 100.01. Lakini asilimia 0.01 ya kura milioni kumi na nne ni kama 1,400, si 142,000, na hata hizo hazipo; ni matokeo ya kukadiria sehemu ndogo za desimali. Mtoto wa darasa la saba Lokitaung angelijua hilo. Lakini redio iliyofika Lowarengak ilifika na neno "kura 142,000", na masahihisho hayakufika kwa kasi ileile. Ukitaka kujua mshangao unavyogeuka kuwa shaka, na shaka kuwa chuki, chunguza hapo. Uongo husafiri kwa pikipiki, hesabu husafiri kwa punda.

Hata hivyo safari hii karatasi ya mlangoni ilikuwepo. Mawakili wa Azimio walipodai kwamba fomu zilichezewa, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome ililinganisha na zilizo kwenye tovuti, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakayathibitisha matokeo. Raila alisema anaheshimu mahakama ingawa hakubaliani nayo. Walioumia waliumia. Lakini kila mtu aliweza kwenda mlangoni kwake akasoma.

Je, basi tatizo limekwisha? Wapo wanaoandika hivyo, wakitaja 2022 kama cheti cha kuhitimu. Mimi sikubali, na sababu zangu ziko Turkana.

Sensa ya 2019 iliikuta Turkana na watu 926,976. Waliosajiliwa kupiga kura mwaka 2022 walikuwa 238,528, takriban robo. Kwa Kenya nzima waliosajiliwa walikuwa 22,120,458 kati ya watu milioni 47.6, yaani karibu nusu. Hata ukiwatoa wakimbizi wa Kakuma, na ukikubali kwamba watoto ni wengi, pengo linabaki wazi. Husajiliwi bila kitambulisho, na kitambulisho kinakutaka ukae mahali, uwe na karatasi za wazazi, usubiri, urudi. Anayefuata mvua na mifugo hasubiri dirishani. Kiturkana cha leo kimelichukua neno la Kiswahili "raia" na kulipa maana ya watu wa malishoni, wale wasiokaa mjini na wasiosoma: raiya. Kejeli yake inauma. Wanaoitwa raia ndio ambao uraia wao kwenye debe ni hafifu kuliko wa mtu yeyote. Wao hawashangazwi na matokeo ya urais kwa sababu hawamo ndani yake.

Kuna pia kumbukumbu ya kuhesabiwa. Mwaka 2010, serikali ilipotoa matokeo ya sensa ya 2009, waziri Wycliffe Oparanya alifuta hesabu za wilaya nane za kaskazini, zikiwemo Turkana Kaskazini, Turkana ya Kati na Turkana Kusini. Sababu? Watu walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Ziliishangaza Nairobi, basi zikafutwa. Miaka mitatu baadaye, Machi 2013, Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, kura 8,419 tu juu ya nusu, na kaunti zilizompigia Raila, Turkana ikiwemo, zikaambiwa zikubali zisonge mbele. Sisemi matokeo hayo yalikuwa ya uongo, mahakama iliyapitisha. Nasema tu kwamba hesabu ya Turkana ikiishangaza serikali inaitwa kosa, na hesabu ya serikali ikiishangaza Turkana inaitwa demokrasia. Mtu husahau mengi, lakini hilo halisahau.

Nenda Kakuma uone upande mwingine. Kambi ile ipo tangu 1992, na wanaoishi humo na Kalobeyei hawana kura Kenya. Lakini wanasikiliza. Wapo Warundi wanaokumbuka Juni 1993, Melchior Ndadaye alipomshinda Pierre Buyoya, rais aliyeshika dola na jeshi, kwa karibu theluthi mbili ya kura. Jeshi lilimuua Ndadaye tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, na waliokimbia wengine hawajarudi mpaka leo. Wapo Wakongo waliokesha Januari 2019 wakisubiri matokeo ya kura ya Desemba, wakasikia Félix Tshisekedi ametangazwa kwa asilimia 38.57, huku Kanisa Katoliki, lililokuwa limetuma waangalizi wapatao 40,000 vituoni, likisema hesabu hiyo hailingani na ile waliyoikusanya. Kanisa lilikuwa na karatasi zake lakini halikuwa na mlango wa kuzibandika. Ukiwa umekaa na watu hawa kwenye duka la chai Kakuma, ukasikia Mkenya analalamika juu ya tovuti ya IEBC iliyokuwa polepole, unajifunza kutofautisha malalamiko na msiba.

Lakini hata Mkongo yule atakuuliza swali ambalo mtu wa Lowarengak analijua jibu lake: baada ya matokeo, nini? Februari 2008 Kibaki na Raila walitia saini makubaliano mbele ya Kofi Annan. Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House. Tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila walitia saini yao. Raila alifariki Oktoba mwaka huo, watu wake wakiwa tayari mawaziri katika serikali ya mtu waliyesema hakuchaguliwa. Mara tatu aliyeshangazwa na matokeo amekaribishwa mezani na aliyeshangaza. Wanaowatetea wakubwa hawa husema wameiokoa nchi, na huenda ni kweli. Ila mpiga kura wa mbali amejifunza kwamba tangazo la Bomas ni rasimu, nakala safi huandikwa baadaye, nyuma ya pazia, na nakala hiyo haina Fomu 34A.

Na ule umbali mwingine haujapungua hata kidogo. Agosti 2022 Turkana ilipiga kura mvua zikiwa zimekosekana misimu minne mfululizo, watu wamepanga foleni ya debe na foleni ya chakula katika juma moja. Februari 2025 wavuvi walishambuliwa ziwani karibu na Todonyang, mahali palepale ambapo Mei 2011 makumi ya Waturkana waliuawa. Marais watatu, chaguzi nne, na ufuo uleule unazika. Mtu akikwambia watu wa Lowarengak hawana hamasa na siasa, mwambie wana kumbukumbu.

Baada ya Chebukati na wenzake kuondoka Januari 2023, Kenya ilikaa miaka miwili na nusu bila makamishna wa uchaguzi. Waliopo sasa waliapishwa Julai 2025, na mwenyekiti wao ni Erastus Edung Ethekon, Mturkana aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya Kaunti ya Turkana. Anayetarajiwa kuyatangaza matokeo ya 2027 ametoka upande huu wa barabara. Sitegemei awapendelee watu wa kwao. Nategemea ajue kwamba laga, mto wa msimu, ikijaa, gari la masanduku halipiti, na kwamba kijana asiye na kitambulisho Lowarengak hajakosa uzalendo, amekosa nauli ya kwenda kukitafuta.

Uchaguzi ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Ewe uliye na ndugu malishoni, mpelekee habari ya kujisajili mapema, kabla mifugo haijahama. Na usiku wa kura, karatasi ikishabandikwa mlangoni, ipige picha uitunze.